UZI: Kabla ya kuamini namba ya msuli uliochochewa kwa umeme, tazama pedi zimebandikwa wapi

FizioTabora (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, mwangaluka. Naleta uzi huu kwa wenzangu wa fiziotherapia, kwa wauguzi, kwa mafundi wa vifaa tiba na kwa yeyote anayepima nguvu ya msuli kwa kuuchochea kwa umeme. Nimegundua kwamba kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiandika kwenye mafaili ya wagonjwa maendeleo ambayo mengine hayakuwa ya msuli hata kidogo, bali yalitokana na mahali nilipobandika pedi, yaani vile vibandiko vinavyopitisha mkondo kwenye ngozi, siku hiyo.

Nieleze kisa chenyewe. Hapa Tabora ninamhudumia mzee mmoja mrina asali, aliyeanguka kutoka mtini akavunjika paja. Mfupa uliunga vizuri, lakini paja lilikuwa limesinyaa kiasi kwamba akijaribu kunyoosha goti, kisigino hakikuondoka sakafuni. Kila wiki nilimkalisha ukingoni mwa kitanda, goti likiwa limekunjwa nyuzi 90, nikamfunga mkanda juu kidogo ya kifundo cha mguu, sentimita 30 kutoka kwenye kiungo cha goti, na mkanda ule nikaunganisha na mzani wa kidijitali wa kuning'iniza, wa aina ile ile inayopimia ndoo za asali sokoni, ambao upande wa pili ulifungwa kwenye mguu wa kitanda. Kisha nikachochea msuli wa mbele ya paja kwa mkondo wa miliampea 40, kila pigo likiwa na upana wa maikrosekunde 300, mapigo 35 kwa sekunde, na kusoma mzani.

Wiki ya kwanza mzani ulisoma kilo 4.1. Ukizidisha kwa 9.8 kupata nyutoni, kisha kwa mita 0.3 ambayo ni umbali wa mkanda kutoka gotini, unapata nyutonimita 12. Wiki iliyofuata ulisoma kilo 6.0, yaani nyutonimita 17.6, na mzee na mimi tulifurahi sana, kwa kuwa hilo ni ongezeko la karibu nusu nzima katika siku saba. Siku mbili baadaye mwenzangu alishika zamu, akapima kwa mipangilio ile ile, akapata kilo 3.8. Mzee alinyamaza, akauliza kama mguu umeanza kurudi nyuma.

Niliitwa nikaangalie. Kiangazi cha huku ni kikavu na kina vumbi, na gundi ya pedi huacha mstari mwembamba kwenye ngozi unaonasa vumbi hilo, kwa hiyo kwenye paja la mzee mraba wa pedi niliyoibandika mimi ulikuwa bado unaonekana. Pedi ya mwenzangu ilikuwa vidole vitatu juu ya mraba ule na kidogo upande wa nje. Tukampumzisha mzee robo saa, tukarudisha pedi ndani ya mraba, tukachochea tena kwa mkondo ule ule. Mzani ukasoma kilo 5.9.

Kwa hiyo msuli haukurudi nyuma. Na nililazimika kukubali kwamba huenda wiki ya kwanza pia nilibandika pabaya, na kwamba sehemu kubwa ya ule ushindi wa wiki ya pili ilikuwa ya pedi. Naomba nieleze ninavyoelewa sababu, kisha wenye ujuzi wanirekebishe.

Mkondo unaopita kwenye ngozi kwa mapigo mafupi kama haya hauamshi nyuzi za msuli moja kwa moja. Unaamsha matawi ya neva (mishipa ya fahamu) yanayoingia kwenye msuli, kwa sababu neva huitikia kwa mkondo mdogo sana kuliko nyuzi za msuli zenyewe. Kila msuli una mahali pamoja au zaidi ambapo tawi la neva huingia na kukaribia ngozi, na mahali hapo, ambapo nitapaita nukta ya msisimko, msuli hushtuka kwa mkondo mdogo kuliko mahali pengine popote. Jambo hili si geni. Daktari Duchenne aliziona nukta hizi huko Ufaransa katikati ya karne ya 19, daktari mwingine, Remak, akaonyesha kwamba ndipo neva zinapoingilia msuli, na mwaka 1857 von Ziemssen wa Ujerumani alichapisha ramani yake baada ya kulinganisha alama za ngozini na neva alizozikuta kwenye maiti. Tatizo ni kwamba ramani hutoa wastani, na paja la mgonjwa aliyeko mbele yako lina nukta zake. Msuli mkuu wa mbele ya paja, kwadrisepsi, ni misuli minne iliyoungana, kila mmoja na matawi yake ya neva, hivyo pedi mbili zikisogea kidogo tu zinaweza kuacha tawi moja na kushika jingine, nawe ukadhani unapima kitu kile kile.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Nabandika pedi kubwa mahali pamoja upande wa juu wa paja, kisha nachukua elektrodi ndogo ya kalamu yenye jeli na kuifanya kathodi, yaani upande hasi, kwa kuwa ndio unaoamsha neva kwa urahisi zaidi. Natoa mapigo mamoja mamoja kwa mkondo mdogo, nikitembeza kalamu polepole mpaka nione msuli unaruka. Nikipata, napunguza mkondo na kutafuta tena, mpaka ibaki sehemu moja tu inayoitikia. Kwa mzee yule, msuli wa ndani, juu ya pia ya goti, uliitikia kwa miliampea 9. Sentimita 2 pembeni ulihitaji 15. Nukta ikipatikana naizungushia duara kwa makapeni, napima umbali kwa futi ya kamba ya fundi cherehani kutoka ukingo wa juu wa pia ya goti, na kuandika kwenye faili pamoja na pembe ya goti, kwa sababu goti likikunjuka ngozi huteleza juu ya msuli na duara lako halitakuwa tena juu ya neva ile.

MuuguziKigoma

Ndugu mleta uzi, shukrani kwa kuwa muwazi, maana hata sisi huku Kigoma tunapima na hatuandiki pedi zilikaa wapi. Tunaandika mkondo na dakika basi. Swali langu ni hili: mimi hutumia pedi kubwa zinazofunika karibu paja lote la mbele. Je, hiyo haiondoi kabisa haja ya kutafuta nukta, kwa kuwa nukta zote zitakuwa chini ya pedi?

FizioTabora

Dada, swali lako ni zuri na jibu lake ni nusu kwa nusu. Pedi kubwa kweli haiathiriki sana ukikosea sentimita moja, na mgonjwa huivumilia zaidi, kwa sababu mkondo ule ule unasambaa kwenye eneo kubwa. Pedi ya duara yenye kipenyo cha sentimita 5 ina eneo la karibu sentimita za mraba 20, hivyo miliampea 40 zinakuwa 2 kwa kila sentimita ya mraba. Pedi ya kipenyo cha sentimita 3.2 ina eneo la 8 tu, na mkondo ule ule unakuwa 5 kwa kila sentimita ya mraba, jambo ambalo mgonjwa atalisikia kama miiba.

Lakini pedi kubwa inalipa gharama mbili. Ya kwanza ni kwamba msongamano wa mkondo juu ya tawi lenyewe la neva hupungua, hivyo utahitaji mkondo mkubwa zaidi ili upate mkazo ule ule. Ya pili, ambayo kwa upimaji ni mbaya zaidi, ni kwamba mkondo humwagikia misuli ya jirani. Ukingo wa pedi ukifika upande wa ndani wa paja unachochea misuli inayobana mapaja, na ukivuka kwenda nyuma unachochea misuli inayokunja goti, ambayo inavuta kinyume cha kile unachopima. Mzani wako utasoma tofauti kati ya misuli miwili inayoshindana, nawe utaandika kwamba ni nguvu ya mmoja. Weka kiganja nyuma ya paja wakati wa kuchochea. Ukihisi kano za nyuma ya goti zimekaza kama kamba, sogeza pedi kabla ya kuandika namba yoyote.

FundiMita

Nashukuru kwa uzi, ila nina shaka na jambo moja, nami naliweka wazi kwa heshima. Mimi ni fundi wa umeme na nimetengeneza vichocheo hivi. Vingi vya kisasa vinashikilia mkondo: ngozi ikiwa kavu, kifaa kinapandisha volti chenyewe ili miliampea 40 zibaki 40. Kama mkondo ni ule ule, na mgonjwa ni yule yule, kwa nini mahali pa pedi palete tofauti ya karibu theluthi? Ningeshuku kwanza mzani, au mkanda kuteleza, kabla ya kushuku pedi.

FizioTabora

Kaka, kuhusu mkanda uko sahihi, na niliupima. Mkanda ukishuka kutoka sentimita 30 hadi 33, mzani utasoma pungufu kwa karibu asilimia 9 ingawa msuli umevuta vile vile, kwa sababu mkono wa wenzo umerefuka. Siku ile mkanda ulikuwa umefungwa juu ya alama ya makapeni na haukusogea, hivyo tofauti ya kilo 2 haiwezi kuwa yake.

Kuhusu mkondo, kifaa kinakuhakikishia kiasi kinachotoka kwenye waya, lakini hakikuhakikishii kinapita wapi ndani ya mguu. Tazama Mto Malagarasi: maji yanayopita chini ya daraja ndiyo yaleyale yaliyotoka kwenye mabwawa ya juu, lakini pale kwenye mabwawa yamesambaa hata mtumbwi unakwama, na pale penye miamba yamebanwa yanakimbia. Neva haijui jumla ya mkondo. Inajua mkondo unaopita pale ilipo.

Na njia ya mkondo hubadilika kwa vitu ambavyo kifaa hakivioni. Mafuta chini ya ngozi yana ukinzani mkubwa kuliko msuli, na unene wake haulingani kila mahali pajani, kwa hiyo ukisogea vidole vitatu unaweza kuwa umeongeza umbali kati ya pedi na neva bila kujua. Umbali kati ya pedi mbili nao una kazi yake: zikikaribiana sana, mkondo mwingi unapita juu juu, kwenye ngozi na mafuta, kutoka pedi moja kwenda nyingine, nao mgonjwa anaumia huku msuli ukitikisika kidogo; zikiachana, sehemu kubwa zaidi ya mkondo inazama ndani. Wanaotumia kipimo kile cha kihisi chenye springi kinachosimamishwa juu ya msuli, kilichobuniwa Slovenia, ambacho hupima msuli unavyofura kwa milimita baada ya pigo moja, wanalijua hili vizuri. Wakibadilisha umbali kati ya pedi, mfuro unabadilika, na kwa hiyo wanalazimika kuandika umbali huo pamoja na mahali kihisi kilipogusa.

Naomba pia nitahadharishe jambo kuhusu vifaa vinavyoshikilia mkondo. Pedi ikibanduka nusu kwa sababu jeli imekauka, na kwa kiangazi cha Tabora inakauka haraka, kifaa kitaendelea kusukuma miliampea zote 40 kupitia nusu iliyobaki. Msongamano unakuwa mara mbili na ngozi inaweza kuungua. Kifaa cha zamani kinachoshikilia volti kingepunguza mkondo chenyewe, ngozi ingepona lakini kipimo chako kingeshuka bila sababu ya msuli. Kwa hiyo unapoandika kipimo, andika pia kifaa ni cha aina gani.

FundiMita

Nimeelewa, na mfano wa Malagarasi umenitosha. Nakubali kwamba nilikuwa nikifikiria waya na si mguu. Ila basi kwa nini usiongeze mkondo mpaka msuli wote uitike? Ukishafika mwisho, mahali pa pedi hapatakuwa na maana tena.

FizioTabora

Kwa neva yenyewe hilo linawezekana, na ndivyo wanavyofanya maabara. Wanachochea shina la neva, kwa mfano neva ya alna kifundoni mwa mkono au neva ya paja pale kwenye kinena, wanapandisha mkondo mpaka jibu liache kukua, kisha wanaongeza kidogo juu yake ili wawe na uhakika. Wakifika hapo pedi ikiteleza kidogo haina madhara makubwa. Lakini hata pale kinena kina mtego wake, kwa kuwa neva ya paja inahudumia pia misuli inayokunja nyonga, na mgonjwa akiinua nyonga kipimo cha goti kinavurugika.

Kwa pedi zilizobandikwa juu ya msuli, hufiki mwisho huo bila maumivu ambayo hakuna mgonjwa atakayeyavumilia. Unapandisha, na kila unavyopandisha unaongeza nyuzi zilizo mbali zaidi na pedi, huku jirani nao wakianza kuitika. Tena nyuzi unazoziamsha ni zilezile kila pigo, zote kwa pamoja, tofauti na mtu anapokaza msuli kwa hiari yake ambapo nyuzi hupokezana. Ndiyo maana msuli uliochochewa huchoka upesi. Mahali pa pedi pakibadilika katikati ya jaribio la uchovu, unaanza na nyuzi mbichi na uchovu wako unaonekana umepona.

MwanafunziWaFiziolojia

Samahani kwa kuingilia wakubwa zangu. Katika masomo yetu tunapima pia wimbi la umeme la msuli lenyewe, lile wimbi M, kwa elektrodi za kurekodi zilizobandikwa juu ya ngozi. Nilidhani nazo ziwekwe juu ya nukta ya msisimko, kwa kuwa ndipo msuli unapoitikia zaidi. Lakini nikiziweka pale wimbi linatoka dogo na lina umbo la ajabu. Ninakosea wapi?

FizioTabora

Hukosei sana, mdogo wangu, umekutana na jambo linalowachanganya wengi. Elektrodi ya kuchochea inataka kuwa pale neva inapoingilia, lakini elektrodi za kurekodi zinataka kukaa mbali na hapo. Ishara ya umeme ikianza kwenye eneo la neva, inakimbia pande zote mbili za unyuzi kuelekea kwenye kano. Elektrodi mbili za kurekodi zikikaa moja upande huu na nyingine upande ule wa eneo hilo, zinapokea ishara zinazofanana kwa wakati mmoja, na kwa kuwa kifaa kinatoa moja kutoka kwa nyingine, zinafutana. Ziweke kati ya eneo la neva na kano, zikifuata mwelekeo wa nyuzi, na umbali wa milimita 20 kati ya katikati ya moja na katikati ya nyingine, kama SENIAM, mwongozo wa Ulaya wa kurekodi umeme wa misuli, unavyopendekeza. Elektrodi ya ardhi iweke kati ya zinazochochea na zinazorekodi, ili mshtuko wa kifaa usifunike wimbi lako. Na ukishapata mahali pazuri, chora alama, kwa kuwa wimbi M la leo na la kesho halilinganishiki kama elektrodi zimesogea.

MkaziWaUjiji

Mleta uzi, mimi si mpimaji wa nguvu, lakini nawahudumia watu waliopata ulemavu wa mguu kuning'inia, wengine kutokana na ukoma ulioharibu neva pembeni mwa goti. Kwa mmoja nimetafuta nukta kwa njia uliyoeleza, kuanzia chini ya kichwa cha fibula (mfupa mwembamba wa upande wa nje wa muundi) hadi katikati ya muundi, sijaona msuli ukiruka popote. Niendelee kusogeza pedi au nipandishe mkondo?

FizioTabora

Naomba usifanye yote mawili kwanza, na nitaeleza kwa nini. Nukta ya msisimko ni nukta ya neva. Neva ikifa, nukta inakufa nayo, na mapigo ya maikrosekunde 300 yatapita kwenye mguu bila msuli kujua, hata ukizunguka muundi wote. Nyuzi za msuli zilizokosa neva bado zinaweza kuitika, lakini zinahitaji pigo refu mara nyingi zaidi, la makumi ya milisekunde, na pedi ziwekwe zikishika mwili wa msuli kwa urefu wake. Kichocheo kidogo cha betri hakitoi mapigo ya namna hiyo. Kwa hiyo kutopata nukta, ikiwa umetafuta kwa utaratibu na upande wa pili wa mgonjwa uliitika vizuri, ni kipimo chenyewe na kiandikwe hivyo.

Sababu ya kukuzuia usipandishe mkondo ni kwamba ukoma unaondoa pia hisia za ngozi. Mgonjwa wako hatakwambia kwamba anaungua. Kabla ya pedi yoyote kugusa muundi ule, jaribu hisia kwa pamba na kwa ncha ya kalamu ya kuandikia, na kama hazipo usibandike.

Kwa wale ambao neva imebaki, tazama unyayo utakusomea mahali pa pedi. Pedi ikikaa sana juu ya neva nyuma ya kichwa cha fibula, unyayo unainuka huku ukigeukia nje. Ukiisogeza mbele na chini, kuelekea msuli wa mbele ya muundi, unyayo unainuka ukivutwa ndani. Sogeza sentimita moja moja mpaka uinuke sawasawa, ndipo upime.

MuuguziKigoma

Narudi na taarifa. Nilichukua wagonjwa watatu wa magoti, nikawatafutia nukta kwa kalamu, nikachora duara na kuandika umbali kutoka pia ya goti. Kisha nilimwomba mwenzangu awapime kesho yake bila kuniambia chochote, akifuata alama zangu. Kwa wawili namba zake na zangu zilitofautiana kwa chini ya nusu kilo. Kwa wa tatu tulitofautiana kwa kilo moja na zaidi, na tulipochunguza tukaona mgonjwa alikuwa ameoga, duara limefifia, na mwenzangu alilichora upya kwa kukisia.

Sasa tunaweka duara jipya kila siku mbili juu ya lile la zamani kabla halijafutika, na kwenye kadi ya mgonjwa tumeongeza mistari minne: umbali wa kila pedi kutoka pia ya goti, umbali kati ya pedi, ukubwa wake, na pembe ya goti. Mgonjwa wa tatu tulimpima upya baada ya kutafuta nukta kwa kalamu tena, na ikawa sentimita moja na nusu ndani ya pale mwenzangu alipokisia.